Risasi Inayokata Kona: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Makombora Yenye Usukani

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Lamu. Kila mwaka huwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu matembezi ya mji: tunaanzia kwenye ngome, tunashuka forodhani, tunasimama kwenye mizinga iliyolala mbele ya jumba la makumbusho. Zamani waliniuliza kama mizinga ile ilifika Manda. Siku hizi, tangu video zianze kuzungushwa kwenye simu, swali ni jingine: "Mwalimu, ni kweli kuna risasi inayokata kona?" Jioni nikipita barazani nawakuta wazee na swali hilohilo, ila wao wameshajijibu, na jibu lao linahusu majini. Nimechoka kurudia. Majibu yangu ni haya.

Haya basi, ipo au haipo?

Inayopinda ipo. Inayokata kona ya uchochoro haipo. Risasi haitaingia njia ya kwanza kulia kama punda anayejua kwao. Kinachowezekana ni hiki: risasi iliyokuwa ikielekea pembeni kidogo ya shabaha hujirekebisha ikiwa angani, kidogokidogo, mpaka iikute.

Mwaka 2012 watafiti wa Sandia National Laboratories, Marekani, walionyesha risasi ya urefu wa karibu sentimita 10, yenye umbo la mshale mdogo. Puani ina jicho la kuona mwanga wa leza, nyuma ina vipezi, na katikati ina kompyuta ya biti 8, yaani dhaifu kuliko iliyomo kwenye simu yoyote mliyoificha darasani. Ilikusudiwa kurekebisha mwelekeo mara 30 kwa sekunde. Kwa hesabu zao, risasi ya kawaida ikipigwa kwenye shabaha iliyo mbali zaidi ya kilomita moja inaweza kukosa kwa kama mita 9, na yao ingekosa kwa sentimita 20. Waliibandika taa ndogo, wakaipiga usiku na kuipiga picha. Njia yake ikaonekana kama mstari wa mwanga.

Video mnayotumiana ni ya mradi mwingine, EXACTO, wa DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani. Risasi ile ina unene wa milimita 12.7. Katika majaribio ya mwaka 2014 na 2015 ilionekana ikiacha njia yake na kuifuata shabaha inayosogea, na hata mpigaji asiyeizoea bunduki ile aliipata shabaha.

Risasi, kombora na roketi: tofauti ni nini?

Roketi hubeba moto wake na kuendelea kusukumwa ikiwa njiani. Risasi na kombora la mzinga husukumwa mara moja tu, ndani ya mtutu, kisha yote mengine ni kasi iliyobaki, upepo na uzito. (Kuna makombora ya mzinga yenye kiroketi kidogo nyuma cha kuongeza masafa, lakini tusivuruge darasa.) Katika ukurasa huu, "kombora" ni lile litokalo kwenye mzinga.

Wazo hili lilianza lini?

Kabla hawajaweza kuweka jicho ndani ya kombora, waliliweka nje. Na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa pwani yetu wenyewe, siku chache za kusafiri kwa jahazi kusini mwa hapa.

Mwaka 1915 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Walileta manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikaingia mtoni na kupiga juu ya miti bila kuona zinachopiga. Ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ndizo zilizokuwa macho. Mtu aliye juu alitazama kombora linaangukia wapi, akatuma habari kwa redio: umezidisha, umepunguza, vuta kushoto. Mpigaji akarekebisha mzinga na kupiga tena. Tarehe 6 Julai yalipigwa makombora mamia, na yaliyoipata meli yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Tarehe 11 walirudi, na siku hiyo Königsberg ikaharibiwa hadi mabaharia wake wenyewe wakaimalizia.

Huwa nawaambia wanafunzi watazame mzunguko ule: piga, tazama, rekebisha, piga tena. Marekebisho yalifanywa kwa kombora *linalofuata*. Miaka mia iliyofuata imekuwa kazi ya kuuingiza mzunguko huohuo ndani ya kombora *lilelile* likiwa bado angani.

Mbona ilichukua miaka mingi hivyo?

Kwa sababu ya mtutu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ugumu wote ulipo.

Chukua redio ndogo ya mkononi. Iangushe kutoka dari ya nyumba ya ghorofa mbili, ukiipata nzima mshukuru Mungu. Sasa fikiria redio hiyo ikisukumwa kutoka kusimama kabisa hadi kasi ya mita 800 kwa sekunde ndani ya bomba la mita chache. Kila kitu ndani yake hugeuka kizito mara 15,000 au zaidi ya uzito wake. Skrubu ya gramu moja inaonja kilo 15. Juu ya hayo, kombora la kawaida la milimita 155 hutoka likizunguka kama pia ya kuchezea, takriban mizunguko 250 kila sekunde.

Wa kwanza kulitatua hili kwa wingi walikuwa Wamarekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wakiendeleza wazo lililoanzia Uingereza. Hawakujaribu kuliongoza kombora. Walitaka kitu kidogo zaidi: kombora lijue kwamba liko karibu na ndege, lipasuke hapohapo badala ya kungoja kuigonga. Chini ya Merle Tuve, wanasayansi walitengeneza kiwashio, yaani kifaa cha puani kinacholipua kombora, chenye kiredio ndani yake. Enzi hizo transista haikuwepo. Redio ilitumia valvu, yaani vibomba vya kioo vilivyofanya kazi ya transista. Naam, kioo, ndani ya mzinga! Walitengeneza valvu ndogo zinazostahimili nguvu ya mara 20,000.

Betri yake ndiyo inayonifurahisha zaidi. Betri iliyokaa ghalani mwaka mzima hufa. Wao waliweka maji ya betri ndani ya kichupa cha kioo. Mzinga ukilia, kichupa huvunjika, mzunguko wa kombora huyasambaza maji kwenye mabamba, na betri huzaliwa wakati huo huo. Kile kinachoharibu kila kitu kingine wamekifanya kuwa swichi ya kuwashia.

Januari 1943 meli ya USS Helena iliangusha ndege ya Kijapani kwa kombora la aina hiyo katika Bahari ya Pasifiki. Kwa muda mrefu yalizuiwa kupigwa mahali ambapo adui angeweza kuokota lisilolipuka, kwa hiyo mizinga ya nchi kavu Ulaya iliyangoja hadi Desemba 1944. Mpaka vita vinaisha, viwashio zaidi ya milioni 20 vilikuwa vimetengenezwa.

Kama linazunguka kama pia, unaliongozaje?

Swali hili aliniuliza msichana mmoja wa kidato cha tatu, na sijawahi kulisahau, kwa sababu wahandisi wenyewe liliwasumbua.

Kombora huzungushwa makusudi, kwa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Mzunguko hulinyoosha lisipinduke, kama pia inavyosimama inapozunguka na kuanguka inapochoka. Ila ukilitia pezi la kulipeleka kulia, nusu mzunguko baadaye pezi hilohilo linalipeleka kushoto. Fikiria nahodha ambaye jahazi lake linabingirika huku yeye ameshika msukani.

Njia ya kwanza ni kuacha kuzungusha. Mshale hauzunguki kama risasi, unanyooshwa na manyoya, na wahenga walishasema mshale bila nyoya hauendi mbali. Risasi ya Sandia ilifuata mshale: mtutu laini usio na mifereji, vipezi nyuma. Kombora la Excalibur hupigwa kwa mzinga wa kawaida wenye mifereji, ila mkanda wake wa nyuma huteleza, hivyo mifereji inauzungusha mkanda zaidi kuliko kombora lenyewe. Likishatoka mtutuni, mapezi hufunguka.

Njia ya pili ni ya ujanja zaidi, nami naipenda kwa sababu ni ya fundi anayebana matumizi. Unachukua kombora la kawaida lililojaa ghalani, unafungua kiwashio cha puani, unakaza kingine mahali pake. Wamarekani wanakiita PGK, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kifaa cha kuongoza kwa usahihi. Kina kola yenye vipezi vilivyokazwa, na kola hiyo huzunguka kinyume cha kombora. Ukiifunga breki barabara, kola inatulia angani huku mwili wa nyuma ukiendelea kuzunguka, na vipezi vinasukuma upande uliotaka. Ukiilegeza, kola inazunguka na msukumo unajifuta wenyewe. Havikunjiki, havipindi. Ni kushika na kuachia tu. Hakina usahihi wa Excalibur, lakini kilikusudiwa kuligeuza kombora linaloweza kukosa kwa mita mia mbili au zaidi likose kwa mita zisizozidi 50.

Linajuaje pa kwenda? Lina akili?

Halina. Ami mmoja wa barazani hubishana nami juu ya hili kila Ijumaa, nami nitaendelea kusema vilevile: lina usukani, na kuna mtu au kitu kinacholiambia liende wapi. Kinachobadilika ni nani anayesema.

Kwanza ni leza. Mtu, au siku hizi ndege isiyo na rubani, huimulika shabaha kwa mwanga usioonekana kwa macho, na kombora hulifuata doa lile. Copperhead ya Marekani, ya milimita 155, iliyobuniwa miaka ya 1970 na kutumika katika vita vya Ghuba mwaka 1991, ilifanya hivyo. Krasnopol ya Wasovieti, ya milimita 152, ni ndugu yake. Udhaifu wake mtu wa pwani ataujua bila kufundishwa: wingu zito likishuka, mvua, moshi, vumbi, na doa halionekani. Tena lazima mtu awe karibu na shabaha kuimulika, kazi ambayo sidhani wengi huipigania.

Pili ni setilaiti. Excalibur, iliyotengenezwa na Raytheon ikishirikiana na BAE Systems Bofors ya Sweden, hupewa namba za mahali kabla ya kupigwa, kisha hutafuta mahali hapo kwa GPS. Iliingia vitani Iraki mwaka 2007, na hufika kama kilomita 40. Wingu si kitu kwake. Lakini inaenda mahali, haiendi kwa kitu. Gari likishaondoka, kombora litafika kwa usahihi mkubwa penye vumbi la magurudumu.

Tatu ni lile linalotafuta lenyewe. SMArt 155 ya Wajerumani na BONUS ya Wasweden na Wafaransa, kila moja hutoa vifaa viwili vidogo juu ya uwanja wa vita. Kila kimoja hushuka kikizunguka, kikichunguza ardhi kwa kuhisi joto na kwa vipimo vingine, kikitafuta umbo la kifaru. Hapa ndipo ami yangu hupata nguvu: "Umeona? Linachagua!" Nami humjibu kwamba hata mtego wa samaki huchagua ukubwa wa samaki. Jibu hilo halimtoshi, na nakiri siku nyingine halinitoshi hata mimi.

Hiyo GPS ndiyo hii ya mashua zetu?

Setilaiti ni zilezile, zipo juu karibu kilomita 20,200. Manahodha wanaokwenda Kiwayuu usiku na kikapokezi kilichofungwa kwa kamba kwenye mlingoti wanasikiliza setilaiti zile anazozisikiliza mpiga mizinga, ila jeshi lina mawimbi yake ya siri. Hadi Mei 2000 Marekani iliyaharibu makusudi mawimbi ya raia ili yakosee kidogo. Ilipoacha, usahihi wa raia uliongezeka siku hiyohiyo.

Kabla hujauliza: vipokezi vya kiraia kwa kawaida hutengenezwa vikatae kufanya kazi kwa kasi ya kitu kilichotoka kwenye mzinga. Na simu yako isingepona mtutuni hata hivyo.

Na kile kituo cha Ngomeni, Malindi, kinahusika?

Na mizinga, hapana. Kule Waitaliano walirusha roketi kutoka majukwaa ya baharini kati ya 1967 na 1988, zikibeba setilaiti za sayansi. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, ikapewa jina Uhuru, nayo ilichunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Nawapeleka wanafunzi huko kwa furaha zaidi kuliko kwenye mizinga, ingawa nauli ya basi ni balaa.

Makombora haya yanaweza kupotoshwa?

Yanaweza. Mawimbi ya GPS yakifika ardhini yamekwisha nguvu, ni kama mnong'ono wa mtu aliye Shela nawe umesimama Lamu mjini. Mwenye mtambo wa redio ulio karibu akipiga kelele kwenye masafa yaleyale, mnong'ono hausikiki. Katika vita vya Ukraine Warusi wamefanya hivyo kwa wingi, na ilipofika mwaka 2024 ilikuwa imeripotiwa waziwazi kwamba Excalibur, iliyoanza kwa sifa kubwa, ilikuwa ikikosa mara nyingi mno. Makombora ya leza hayakuathirika na kelele hizo. Teknolojia ya miaka ya 1970 ikawa imeponea pale ambapo mpya imekwama.

Bei yake?

Excalibur moja imekuwa ikigharimu katika kiwango cha dola 100,000, zaidi ya shilingi milioni kumi zetu, wakati kombora la kawaida ni la dola elfu chache tu. Wanajeshi hujitetea hivi: kama moja linafanya kazi ya makumi, ni rahisi. Hesabu hiyo ni sawa endapo hayo makumi yangepigwa kweli.

Mfano wa hesabu iliyokataa ni wa jeshi la majini la Marekani. Lilibuni meli za Zumwalt zenye mizinga maalumu ya kupiga kombora maalumu la kuongozwa. Meli zilipangwa kuwa 32, zikaishia kuwa 3. Kombora lililotarajiwa kununuliwa kwa maelfu likawa la kununuliwa kwa uchache, bei ikapanda hadi kama dola 800,000 kwa moja, na mwaka 2016 wakaachana nalo. Meli zikabaki na mizinga isiyo na cha kupiga. Nikisimulia hili barazani wazee hucheka mpaka kahawa inamwagika, maana wameona gati na majengo yaliyoishia hivyo hapa hapa.

Mbona risasi ya bunduki inayoongozwa haijaenea?

Udogo. Ndani ya kombora la milimita 155 kuna nafasi ya kuweka betri, kipokezi na mota za mapezi. Ndani ya risasi unene wa kidole, kila milimita unayoipa kompyuta umeinyima risasi uzito wake. Kisha muda: kombora la mzinga hukaa angani dakika nzima au zaidi, risasi ya kilomita moja haikai hata sekunde mbili. Majaribio yalifaulu, lakini bohari ni jambo jingine.

Na halafu zikaja ndege ndogo zisizo na rubani. Kitu cha dola mia chache, chenye kamera, mtu anakiendesha kwa mkono mpaka mwisho. Hakilii ndani ya mtutu, kwa hiyo hakihitaji valvu za kustahimili chochote. Maoni yangu, na ni maoni tu: kama ndege hizi zingekuwepo mwaka 2008, mradi wa EXACTO ulipoanza, sidhani kuna mtu angetoa fedha za kutafuta risasi yenye akili.

Nimeona bunduki inayojilenga yenyewe. Ni kitu hichohicho?

Hapana. Kampuni ya TrackingPoint ya Texas iliuza kuanzia miaka ya 2010 bunduki ambayo akili yote iko kwenye darubini. Darubini inapima umbali, inafanya hesabu, na inaachia mlio pale tu mtutu unapolingana na shabaha. Risasi ni ya kawaida kabisa. Mwaka 2015 watafiti wawili walionyesha kwamba mtu anaweza kuingilia darubini hiyo kwa Wi-Fi na kuibadilishia hesabu. Wanafunzi wangu wa kompyuta huipenda hadithi hii kuliko zote.

Sheria inasemaje?

Azimio la St. Petersburg la mwaka 1868 lilikataza risasi zinazolipuka zenye uzito chini ya gramu 400. Risasi inayopinda haimo humo ilimradi isilipuke. Mkataba wa mwaka 2008 wa kukataza mabomu ya mtawanyiko, yale yanayomwaga vibomu vingi, haukuyagusa makombora kama SMArt 155, kwa sababu yana vifaa vichache, kila kimoja kinatafuta shabaha moja, na vina njia ya kujizima visipopata kitu. Walioandika kifungu hicho walijua hasa ni kombora gani wanaliachia mlango.

Lakini si yanapunguza vifo vya raia?

Yanaweza. Kombora moja linaloangukia ndani ya mita chache ni afadhali kuliko thelathini yanayotawanyika mtaani, hilo halina ubishi. Lakini usahihi ni wa kufika mahali ulipoambiwa. Aliyetoa namba za mahali akikosea nyumba, kombora litaikuta nyumba ile ile isiyo na kosa, tena katikati ya sebule. Na kitu kinachosifiwa kwamba hakikosei hupewa ruhusa ya kupigwa mahali ambapo mzinga wa kawaida ungekatazwa. Hili la pili ndilo linalonitia wasiwasi.

Naweza kununua moja nikawinde?

La. Na sheria ya silaha ya Kenya haitakungoja umalize kuuliza.

Mwanangu anataka kusomea mambo haya. Aanze wapi?

Asianze na silaha. Aanze na kitu kinachozunguka na kitu kinachoruka. Darasani kwangu tunatumia pia ya mti na vijiti vya makuti. Rusha kijiti kitupu upepo wa kusi ukivuma, kitapinduka. Funga manyoya mawili ya kuku nyuma, rusha tena. Kisha pinda unyoya mmoja kidogo tu, milimita mbili, na uwaambie watabiri kitaangukia upande gani kabla hujakirusha. Mwaka jana kati ya wanafunzi 41 waliopatia ni sita, na mmoja wao ni yule msichana aliyeniuliza kuhusu pia.